Mto Kagera na Ziwa Victoria: historia ya maji yaliyougua na watu walioyauguza



Katika toleo hili la kumbukumbu, kurasa nyingi zinaeleza safari zetu: tulikotoka, tulikopita na waliotupokea. Makala hii inaeleza safari ya maji. Huenda mtu akauliza, maji yana historia gani ya kuandikwa katika jarida la wakimbizi? Tumjibu hivi. Maji tunayoyakinga kwenye madumu hapa Nakivale yanavutwa kutoka ziwani, yanasafishwa, ndipo yanaletwa kwenye mabomba yetu. Samaki anayeuzwa sokoni naye ametoka katika maji hayohayo. Na kila ukitokea mzozo kati yetu na wenyeji kuhusu ziwa, husikika neno lilelile, kwamba wakimbizi ndio wanaomaliza samaki. Sisi nasi hujibu kwamba tuliyakuta maji yamekwisha kuharibika. Wote wawili wanasema bila kuijua historia.

Jirani yetu wa kusini katika wilaya hii ya Isingiro ni mto Kagera, unaotutenga na Tanzania. Mto huo na Ziwa Victoria unakoishia wameugua ugonjwa mrefu, wakauguzwa na watu wengi, wakapata nafuu, na hata leo hawajapona kabisa. Ugonjwa huo na uuguzi huo una mafunzo kwa mtu yeyote anayeishi kando ya maji.

MTO WENYEWE

Kagera ni mkubwa kuliko mito yote inayoingia Ziwa Victoria. Ruvubu unashuka kutoka vilima vya Burundi, Nyabarongo unatoka Rwanda, na maji yao yanakutana karibu na maporomoko ya Rusumo. Kutoka hapo mto unapanda kaskazini ukiwa mpaka wa Rwanda na Tanzania, kisha unageukia mashariki na kuwa mpaka wa Tanzania na Uganda, mpaka unapoingia ziwani karibu na mwalo wa Kasensero, nchini Uganda. Kwa hiyo mto mmoja unanywewa na nchi nne. Anachotupa mtu wa kilimani Gitega au Gitarama, mvuvi wa Kasensero atakutana nacho.

Ziwa lenyewe lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini kina chake ni kifupi, mita 80 hivi mahali penye kina kirefu kabisa. Ndugu zetu waliokulia kando ya Tanganyika, ambako kina kinapita mita 1,400, watashangaa. Ziwa pana lisilo na kina huchafuka upesi, kwa sababu kinachoingia hakina mahali pa kuzama na kusahaulika.

NYAVU, NGEGE NA SANGARA

Zamani samaki mkuu wa chakula katika ziwa hili alikuwa ngege. Watu walimvua kwa mitego ya matete, kwa ndoana na kwa migono. Mwaka 1905 nyavu za kutega za kizungu ziliingizwa katika Ghuba ya Kavirondo, ambayo leo inaitwa Winam, upande wa Kenya. Kwa miaka michache mavuno yalikuwa makubwa. Kisha yakaanza kupungua. Reli ilikuwa imefika Kisumu, miji ilikuwa inakua, na walaji walikuwa wengi.

Mwaka 1927 na 1928 serikali ya kikoloni ilimtuma mtaalamu Michael Graham kulichunguza ziwa. Katika taarifa yake aliyoitoa mwaka 1929 alishauri kwamba wavu usiwe na matundu chini ya inchi 5, ili ngege wachanga wapite wakakue na kuzaa. Alionya pia kwamba kuleta samaki mkubwa mla samaki kutoka ziwa jingine bila utafiti wa kutosha ni hatari kubwa. Ushauri wa kwanza ulifuatwa kwa muda, kisha ukaachwa. Uganda na Tanganyika ziliiondoa sheria ya matundu mwaka 1956, na Kenya mwaka 1961. Onyo la pili halikuheshimiwa. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, sangara (huku Uganda huitwa mputa, na Wajaluo humwita mbuta) alitolewa katika maziwa mengine, hasa Ziwa Albert, akatiwa Victoria. Sato wa Nile naye aliletwa katika miaka hiyohiyo.

Kwa miaka 20 hivi sangara alionekana kidogo tu. Halafu, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, alijaa ziwa zima. Chakula chake kilikuwa furu, wale samaki wadogo wa rangi nyingi ambao Waganda huwaita nkejje. Wataalamu wamehesabu zaidi ya aina 500 za furu katika ziwa hili, na kabla ya hapo wao ndio walikuwa sehemu kubwa kabisa ya samaki wote wa majini humo. Katika muda wa miaka michache, aina nyingi zilitoweka. Kati ya samaki wa asili, ni dagaa tu aliyestahimili na kuongezeka.

Tusikatae kwamba sangara alileta fedha. Uvuvi ulipanda kutoka tani zipatazo 100,000 kwa mwaka katika miaka ya 1970 hadi karibu tani 500,000 kufikia mwaka 1990. Viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza, Kisumu, Jinja na Kampala, na samaki akapelekwa Ulaya kwa ndege. Lakini minofu ilienda Ulaya, na mama wa mwaloni akabaki kukaanga vichwa na mifupa. Mali iliyotoka ziwani haikurudi kulitunza ziwa.

MAJI YALIPOGEUKA RANGI

Huku watu wakihesabu samaki, maji yenyewe yalikuwa yanabadilika. Vilima vya Burundi, Rwanda, Kisii na Bukoba vilikuwa vimejaa mashamba mpaka juu. Misitu ilikatwa, nyasi zikachomwa, na mvua ikateremsha udongo mtoni. Miji ikamwaga maji taka. Udongo, kinyesi na majivu vina mbolea ndani yake, hasa fosforasi na naitrojeni. Mbolea ikiingia shambani huotesha mahindi. Ikiingia ziwani huotesha mwani mdogo usioonekana kwa jicho mmoja mmoja, lakini ukiwa mwingi hufanya maji yawe ya kijani kama supu ya mboga.

Mwani huo ukifa huzama chini na kuoza, na kuoza kunatumia oksijeni ambayo samaki anaihitaji kupumua. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990, wapimaji waligundua kwamba sehemu za chini za ziwa hukosa oksijeni kwa miezi mingi ya mwaka. Samaki wa vilindini walikosa makazi. Wakati mwingine upepo mkali uliyapandisha maji hayo mabovu juu, na samaki wakaonekana wakielea wamekufa.

Kulikuwa na hasara nyingine ambayo watu hawakuifikiria. Furu jike humchagua dume wa aina yake kwa rangi. Mwaka 1997 mtaalamu Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba mahali maji yalipokuwa machafu, majike walishindwa kupambanua rangi, aina zikachanganyikana, na rangi zenyewe zikafifia. Kwa hiyo hata furu ambaye hakuliwa na sangara, uchafu ulimwondolea ukoo wake.

GUGU LA MAUA MAZURI

Juu ya ugonjwa huo ukaja mwingine. Gugu maji ni mmea wa Amerika ya Kusini. Lina maua ya zambarau yanayopendeza, na kwa sababu ya maua hayo watu walilipeleka katika nchi nyingi kupamba mabwawa. Huku kwetu lilionekana katika Ziwa Kyoga mwaka 1988, na kufikia mwaka 1989 au 1990 lilikuwa Ziwa Victoria. Lilishuka pia na Kagera kutoka Rwanda, visiwa baada ya visiwa, kila siku iliyokuja.

Gugu hili linaongezeka haraka mno, na maji yenye mbolea nyingi ni karamu kwake. Lilifunga mialo mpaka mitumbwi ikashindwa kutoka. Lilifunga bandari ya Port Bell na kusumbua mitambo ya umeme ya Owen Falls pale Jinja. Chini ya zulia lake nene hakuna mwanga, na oksijeni ni haba. Sato na sangara hukimbia, hubaki kamongo na kambale wanaoweza kuvuta hewa juu ya maji. Konokono wa kichocho na mbu walipata makao. Katika Ghuba ya Winam peke yake, mwaka 1998, picha za setilaiti zilionyesha zaidi ya hekta 17,000 zimefunikwa.

MWAKA 1994

Mwaka huu hatuwezi kuuruka, na wengi wetu hatuhitaji kukumbushwa. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walivuka Rusumo kuingia Ngara, Tanzania, kwa muda wa saa 24 hivi. Kambi ya Benaco ikawa mji katika usiku mmoja. Wakati huohuo, maji yaliyopita chini ya daraja hilo yalikuwa yamebeba miili ya watu waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda. Kagera uliifikisha miili hiyo mpaka Ziwa Victoria.

Wavuvi na wanakijiji wa pwani ya Uganda waliiopoa na kuizika. Leo kuna makaburi ya kumbukumbu mahali patatu: Kasensero wamezikwa watu 2,875, Lambu 3,337, na Ggolo 4,771. Jumla ni watu 10,983. Waliowazika hawakuwajua majina. Kwa muda watu waliogopa kula samaki wa ziwa, na familia za wavuvi zikakosa riziki, lakini kazi ya kuzika iliendelea. Kumbukumbu hii na isemwe wazi katika jarida letu: watu wa mialo, maskini kama walivyokuwa, waliwatendea utu watu wa nchi nyingine walioletwa na maji.

Nazo kambi za Ngara na Karagwe zililemea ardhi. Mamia ya maelfu ya watu walipika kwa kuni, na kwa hesabu za wakati ule kuni zilizochomwa katika mkoa wa Kagera zilipita tani 1,000 kwa siku. Vilima vilivyokuwa na miti vilibaki vitupu, na mvua ikafanya kazi yake. Desemba 1996 wengi walirudishwa Rwanda na kambi hizo zikafungwa, lakini visiki vilibaki.

Hapa tuseme ukweli wote kwa pamoja. Ni kweli kwamba kambi zilikata miti. Ni kweli vilevile kwamba wakati kambi ya kwanza inafunguliwa Ngara, ngege alikuwa amekwisha kupungua kwa zaidi ya miaka 60, sangara alikuwa amekwisha kuwala furu, maji yalikuwa yamekwisha kuwa kijani, na gugu lilikuwa limekwisha kufika. Mkimbizi alikuta mgonjwa kitandani, naye akauongeza uzito wake juu ya kitanda hicho. Anayetaka kumtwisha lawama yote anakosea, na mkimbizi anayetaka kujivua lawama yote anakosea pia.

TIBA YA KWANZA: WADUDU

Mwaka huohuo wa 1994, Kenya, Tanzania na Uganda zilichukua hatua mbili. Tarehe 30 Juni, mjini Kisumu, zilitia sahihi mkataba wa kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, ambalo makao yake yako Jinja. Agosti zilikubaliana juu ya mradi wa pamoja wa kuhifadhi mazingira ya ziwa, uliosaidiwa na Benki ya Dunia na kuanza kazi mwaka 1997.

Adui wa kwanza alikuwa gugu. Watu walilivuta kwa mikono na kulirundika ufukweni, lakini lililong'olewa leo lilirudi baada ya majuma machache. Mashine za kulikata zililetwa, zikasaidia bandarini na penye mitambo ya umeme, lakini ziwa lilikuwa kubwa kuliko mashine. Lilikuwapo pendekezo la kunyunyizia dawa ya kuua magugu. Lilipata upinzani, kwa kuwa watu wanakunywa maji hayo na samaki wake wanauzwa.

Tiba iliyochaguliwa ilitoka kulekule gugu lilikotoka. Amerika ya Kusini kuna wadudu wadogo wa jamii ya fukusi, ndugu wa wale wanaotoboa mahindi ghalani, ambao chakula chao ni gugu maji. Mdudu mzima hukwangua majani. Funza wake hutoboa shina na kuingia mpaka kwenye moyo wa mmea. Maji huingia katika matundu hayo, gugu linapoteza wepesi wake, linaoza na kuzama. Kabla ya kuachiliwa wadudu walijaribiwa kwanza, ili kuhakikisha kwamba hawatahamia kwenye mazao ya watu.

Uganda iliwaachilia Ziwa Victoria mwaka 1995, Kenya na Tanzania mwaka 1997. Katika kazi hii wavuvi hawakubaki watazamaji. Wadudu walilelewa katika matangi na mabeseni karibu na mialo, juu ya magugu mabichi. Mimea iliyokwisha kujaa mayai na funza ilipakiwa mitumbwini na kupelekwa katikati ya mazulia makubwa. Kazi ilihitaji subira, maana kutoka yai hadi mdudu mzima ni miezi mitatu hivi. Miaka ya kwanza watu wengi walicheka: mdudu mdogo kama punje ya mtama atalila ziwa?

Kati ya mwaka 1998 na 2000 mazulia yalivunjika na kuzama. Sehemu kubwa sana ya gugu ilitoweka, na mialo ikafunguka. Wataalamu wamebishana kuhusu sababu. Wapo waliosema ni kazi ya wadudu. Wengine walisema mvua za El Nino za 1997 na 1998, pamoja na mawimbi na mawingu mengi, zililidhoofisha. Yaelekea vyote vilisaidiana: wadudu walitoboa, mawimbi yakavunja.

Lakini kuna sehemu ya hadithi hii ambayo husahaulika. Wadudu wa ziwani hawakuweza kumaliza gugu lililokuwa likiteremka na Kagera kila siku. Ilibidi wapelekwe pia Rwanda, kwenye maji ya juu ya mto. Na katika awamu ya pili ya mradi wa ziwa, iliyoanza mwaka 2009, Rwanda na Burundi ziliingizwa pamoja na nchi tatu za mwanzo. Miaka 15 ilikuwa imepita tangu makubaliano ya 1994. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mto tungesema, usipokwenda kwenye chanzo utafagia mdomoni milele.

TIBA YA PILI: WATU WA MWALO

Ugonjwa mwingine ulikuwa uvuvi wenyewe. Sangara alipoanza kupungua, wapo walioingia na kokoro, wavu unaokokota kila kitu mpaka ufukweni pamoja na mayai na vifaranga. Wapo waliotumia nyavu za matundu madogo. Na wapo waliofanya jambo baya kuliko yote, yaani kutia sumu majini. Mwaka 1999, kwa sababu ya sumu hiyo, soko la Umoja wa Ulaya lilifungwa kwa samaki wa Ziwa Victoria. Viwanda vilipunguza watu, bei ikaanguka, na mvuvi ambaye hakuwahi kugusa sumu akalipa deni la mwenzake.

Hasara hiyo ilifundisha kwamba askari wa doria hawatoshi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, Tanzania kwanza na baadaye Uganda na Kenya ziliunda kamati za usimamizi katika kila mwalo, zinazojulikana kama BMU. Wavuvi, wenye mitumbwi, wachuuzi na akina mama wakaanga samaki walichagua viongozi wao. Kamati iliandikisha mitumbwi, ilipima matundu ya nyavu na kutoa taarifa za wavunjaji wa sheria.

Kamati hizo hazikuwa malaika. Penye viongozi waaminifu, kokoro lilipungua. Penye viongozi wa kununuliwa, kokoro lilipita usiku. Uganda ilizisimamisha mwaka 2015, na kuanzia mwaka 2017 kikosi cha jeshi kikapewa kazi ya doria. Nyavu haramu zilipungua, lakini yalikuwapo pia malalamiko ya vipigo na mitumbwi kuchomwa. Funzo ni kwamba jamii isipojisimamia, husimamiwa na mwingine, na mkono wa huyo mwingine ni mzito.

TIBA YA TATU: MAFUNJO

Tiba hii ndiyo ya bei nafuu kuliko zote, na ndiyo inayodharauliwa zaidi. Mafunjo yaliyo kando ya maji huonekana kama pori la mbu lisilo na faida. Lakini maji machafu yakipita polepole katikati ya mizizi yake, tope hubaki, na mafunjo hula ile mbolea ambayo ingeotesha mwani. Mji wa Kampala kwa miaka mingi umekuwa ukimwaga maji taka yake kwenye bonde la Nakivubo, nalo bonde likayachuja kabla hayajafika ghuba ambako mji huohuo unachota maji ya kunywa. Bonde hilo lilipolimwa magimbi na kuchimbwa mifereji, maji yalipita mbio bila kuchujwa, na gharama ya kusafisha maji ikapanda.

Mafunjo yana kazi nyingine. Sangara hawezi kuishi penye oksijeni haba, na katikati ya mafunjo oksijeni ni haba. Furu wengine wanaweza. Katika Ziwa Nabugabo, karibu na Masaka, watafiti waligundua katika miaka ya 1990 kwamba samaki wadogo wa asili walisalimika pembeni, ndani ya majani, mahali adui yao asipoweza kuwafuata. Bwawa la mafunjo lilikuwa kambi yao ya wakimbizi.

Baadhi ya furu wamerudi hata Ziwa Victoria lenyewe. Sangara alipopungua kwa kuvuliwa sana, aina chache zilianza kuonekana tena katika Ghuba ya Mwanza tangu miaka ya 1990. Baadhi yao wamebadilika: matamvua yao ya kupumulia yamekuwa makubwa kuliko ya babu zao, ili wapate kuishi katika maji yenye oksijeni kidogo. Aina nyingi hazitarudi tena. Gugu nalo limerudi mara kwa mara, kama lilivyofanya Winam mwaka 2007 baada ya mvua nyingi, kwa sababu mbolea ingali majini.

ZIWA LETU

Tumesimulia habari za ziwa kubwa ili tuliangalie dogo. Watu wamekimbilia Nakivale tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, wakianza na Wanyarwanda. Leo tuko Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengine. Ziwa letu ni dogo na kina chake ni kifupi sana. Tarehe 15 Septemba 2006, eneo la mabwawa na maziwa ya Mburo na Nakivale liliandikwa katika orodha ya Ramsar, orodha ya dunia ya ardhi oevu zenye thamani. Sababu mojawapo ni kwamba humu wamebaki samaki wa asili ambao katika maziwa makubwa wametoweka. Maana yake, kitu kilichopotea Victoria huenda bado kipo hapa kwetu, katika maji tunamofulia nguo.

Yaliyolipata Ziwa Victoria kwa miaka 100 yanaweza kulipata ziwa hili kwa miaka 10, kwa kuwa ni dogo. Kwa hiyo tuyashike mambo haya machache:

1. Mafunjo yaachwe. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 zinalinda ukingo wa ziwa kwa mita 100 mpaka 200. Najua wengi wana viwanja vidogo na ardhi yenye unyevu inavutia. Lakini mahindi ya msimu mmoja hayalipi maji ya bomba la kambi nzima.

2. Shamba la mteremkoni liwekewe matuta yanayokingama na mteremko, pamoja na mistari ya majani ya mifugo. Udongo ukibaki shambani ni mavuno. Ukifika ziwani ni ugonjwa.

3. Anayevua avue kwa kibali na kwa wavu halali. Kijana anayeletewa kokoro la mtu mwingine usiku ajue kwamba mwenye kokoro hatakuwepo siku ya kukamatwa.

4. Wakimbizi na wenyeji wakae katika kamati moja ya ziwa. Maji hayaulizi kitambulisho.

5. Vijana wa shule wayapime maji. Chukua sahani nyeupe yenye uzito, ifunge kamba yenye vipimo, ishushe taratibu mpaka usipoiona, uandike ni sentimita ngapi. Fanya hivyo kila mwezi, mahali palepale, saa ileile. Wataalamu hutumia kifaa cha namna hiyohiyo. Baada ya mwaka mmoja tutakuwa na daftari, na mtu akituuliza kama ziwa linapona au linazidi kuugua, tutafungua daftari badala ya kupiga kelele.

Katika historia yote hii hakuna aliyeponya maji peke yake. Serikali zilitia sahihi, wataalamu walileta wadudu, wavuvi wakawabeba mitumbwini, na bado kazi haikukamilika mpaka walio juu ya mto walipohusishwa. Wala haikungojwa kwanza apatikane mwenye kosa. Wavuvi wa Kasensero, Lambu na Ggolo hawakuuliza nani aliyeitupa miili mtoni ndipo waizike; waliyaona yaliyoletwa na maji, wakavua mashati, wakaingia. Nasi maji yametufikia yakiwa yamechoka. Hatukuwa wa kwanza kuyachosha, lakini kwa sasa sisi ndio tulio karibu nayo.